Naomba ushauri: vitu vya marehemu mzee (ngozi na mbao) vinanuka sigara, haviachi

BintiWaMwisho
Habari zenu wakuu, naomba msinicheke maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha. Mzee wetu alifariki mwaka jana na katika kugawana mimi nikaangukiwa na vitu vya chumba chake cha kusomea: mkoba wa ngozi aliokuwa anabebea makaratasi, meza ya kuandikia ya mbao yenye droo nne, na kiti chake chenye kikalio na egemeo la ngozi. Sasa mzee alikuwa anavuta, tena humohumo ndani dirisha limefungwa, miaka 30 na kitu, na hivi vitu vimelewa moshi mpaka kwenye mifupa. Nimeviweka chumbani kwangu, mtoto akiingia anaanza kukohoa, mume wangu kanyamaza ila naona anavyofungua dirisha kila saa.

Nilichofanya mpaka sasa: nimepuliza pafyumu (ikawa sigara yenye maua, mbaya zaidi), nimeanika mkoba juani siku mbili ngozi ikakakamaa kwenye kona, halafu nikajaza bekingi soda ndani ya mkoba nikauacha wiki nzima. Harufu ilipungua kidogo siku mbili, ikaja mvua, ikarudi yote kama ilivyokuwa. Na sasa kwenye mishono kuna unga mweupe hautoki. Sitaki kuvitupa. Nifanyeje?

Kibiriti
Mtafutie mtoto mwingine 😂

FundiRanda
Pole kwa msiba dada, huyo mpuuze. Swali la kwanza, umeshawahi kuchomoa droo zote ukazigeuza ukanusa kwa chini na kwa nyuma? Watu wanasugua juu ya meza wiki nzima na juu pale ndipo penye shida ndogo kuliko kote, maana pana vanishi, moshi unabaki juujuu kama utando, kitambaa kilichokamuliwa vizuri na sabuni kidogo kinautoa. Harufu inakaa kwenye mbao tupu. Ndani ya droo, chini ya droo, mgongo wa meza ule unaoelekea ukutani, sehemu ambazo seremala hakupaka kitu kwa sababu hazionekani. Mbao tupu inakunywa moshi kama sponji. Kachungulie kisha urudi hapa.

BintiWaMwisho
Asante fundi. Nimechomoa. Aisee. Ile ya pili kutoka chini nimeingiza pua nikarudisha kichwa nyuma, nadhani ndimo alimokuwa anaweka kisahani cha majivu. Nimepitisha kitambaa cheupe kikavu kwa chini kimetoka na rangi ya kutu na kinanata kwenye vidole. Hata sikuwahi kufikiria kugusa huko.

MwalimuKemia
Hicho kinachonata ndicho unachopambana nacho, wala si "harufu" kama kitu kinachoelea. Moshi wa sigara unaacha lami na nikotini juu ya kila kitu, vinaganda, halafu taratibu vinaachia mvuke miezi na miaka baada ya mvutaji kuondoka. Ndiyo maana mvua ikija harufu inarudi, joto na unyevunyevu vinaamsha kile kilicholala. Kwa hiyo chochote kinachofunika (pafyumu, naftalini, kahawa) kinakupotezea muda, mpaka utando wenyewe utoke.

Na kuhusu bekingi soda, naomba nieleze kidogo maana kila mtu anaishauri. Nikotini na jamaa zake wengi wanaotoa ile harufu ya kisahani cha majivu ni wa upande wa alkali, kinyume cha tindikali. Bekingi soda nayo ni alkali, pH yake (kipimo cha tindikali na alkali, 7 ndiyo katikati) kama 8, kwa hiyo haiwezi kumshika mwenzake. Tindikali ndiyo inamshika, inamgeuza chumvi isiyopaa na inayoyeyuka kwenye maji, unaifuta inaondoka na kitambaa. Ndiyo sababu siki nyeupe inafanya kazi kwenye moshi wa sigara, harufu ya siki yenyewe inaisha ikikauka. Halafu msichanganye siki na bekingi soda kwenye ndoo moja mkaona povu mkafurahi, zile zimeshauana, umebaki na maji ya chumvi. Na siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ndiyo kabisa usithubutu, inatoa gesi ya klorini, hiyo ni sumu.

SindanoNaUzi
Nashona mikoba kwa hiyo niongelee ngozi. Mwalimu yuko sawa ila asije mtu akamwagia siki mkoba wa marehemu hapa. Dada, kabla ya chochote tafuta sehemu iliyojificha, chini ya kifuniko pale, dondosha tone moja la maji. Likikaa juu kama shanga, ngozi yako ina koti la juu, unaweza kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Likizama na kuacha doa jeusi hapohapo, ni ngozi tupu, hiyo ukiigusa na maji mengi itakuachia ramani, ifute eneo zima kwa usawa au mpe fundi. Kama ni ile ngozi yenye manyoya laini kama ya viatu vya swedi, maji usiguse kabisa, brashi kavu tu.

Ule unga kwenye mishono utoe kwa mswaki laini mkavu, usiulowanishe. Ngozi yenyewe inapenda tindikali kidogo, pH 4 mpaka 5 hivi, soda ikikaa ndani na unyevu inaikausha. Na jua ndilo lililokukakamazia kona, limekausha mafuta yake. Kivulini penye upepo panatosha.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeuliza: ndani ya mkoba bitana ni ya nini?

BintiWaMwisho
Tone limekaa kama shanga, alhamdulillah. Bitana ni kitambaa, kama pamba nene hivi rangi ya kaki, ila nikiangalia vizuri pale kwenye mfuko wa ndani palipojikunja ni cheupe. Kumbe siyo kaki 🙈

SindanoNaUzi
Hahaha hapo sasa. Huo mkoba hata ungeusugua kwa nje mwaka mzima ungenuka tu, 80 kwa 100 ya harufu iko kwenye bitana (hiyo ni hesabu ya pua yangu, sijaipima). Una njia mbili. Ya kwanza, ivute nje kama inavutika, ipangushe kwa maji nusu na siki nusu, kitambaa kimekamuliwa mpaka hakidondoshi, badilisha kitambaa kila kikichafuka, rudia mpaka kitoke cheupe. Iache mkoba umefunguka kabisa mbele ya feni, ikikauka nusu ukaufunga mkoba utapata ukungu na hiyo ni vita nyingine. Njia ya pili, mpelekee fundi abandue bitana yote ashone mpya kwa matundu yaleyale. Mimi ningefanya ya pili. Ngozi ndiyo mzee aliyoishika, bitana hakuna anayeikumbuka.

Kwa nje: sabuni ya ngozi, kitambaa chepesi, iache ikauke siku nzima, halafu krimu ya ngozi kidogo kidogo hasa pale ilipokakamaa. Usipake krimu kabla ya kutoa moshi, utaufungia ndani.

Mtaalamu_2
Mnamchosha bure dada wa watu. Akodi mashine ya ozoni, ile inayotoa gesi ya kuua harufu, aweke vyote chumba kimoja afunge usiku mmoja, kesho vinanukia upepo.

MwalimuKemia
Ozoni inafanya kazi kwenye harufu, sikatai, lakini haichagui. Ileile inayounguza harufu inaunguza mpira, inafifisha rangi, inakausha ngozi ikapasuka, na kwenye mapafu ni hatari hata kwa kiwango kidogo. Nyumba yenye mtoto anayekohoa mimi nisingeileta. Na hata ukiitumia, ile lami inayonata chini ya droo bado ipo, kwa hiyo harufu ina pa kurudi.

Mtaalamu_2
Sawa mwalimu ila mimi gari langu lilipona

FundiRanda
Gari lina plastiki mkuu, siyo ngozi ya mzee wa watu.

Turudi kwenye meza. Dada, kwanza juu. Sabuni laini kidogo kwenye maji ya vuguvugu, kitambaa kimekamuliwa, futa kufuata nyuzi za mbao na kausha palepale kwa kingine, usiache maji yakae kwenye maungio maana meza za zamani zimegundishwa kwa gundi ya wanyama na hiyo ikilowa inaachia. Kama juu pamebandikwa vinia (ubao mwembamba kama karatasi) ndiyo uwe makini mara mbili. Usitumie spiriti kabla hujajaribu pembeni, kama imepakwa shelaki, ile vanishi ya asili ya zamani, spiriti itaiyeyusha yote, utabaki unalia.

Halafu hizo droo. Futa mbao tupu kwa siki na maji, mara mbili tatu, mpaka kitambaa kiache kuchukua rangi. Ziache nje ya meza kivulini siku nne tano, usizirudishe, na meza yenyewe iache mdomo wazi isogee mbali na ukuta. Zikikauka kabisa pitisha msasa laini kidogo tu kuondoa ngozi ya juu, vaa barakoa maana hilo vumbi ndiyo moshi wenyewe umekuwa unga. Kama kuna mahali pamepakwa rangi ya zamani usipige msasa hapo, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Mwisho paka shelaki ile isiyo na nta, mikono miwili, ndani chini na nyuma. Hiyo inaziba, kile kilichobaki ndani ya mbao hakitoki tena. Inakauka haraka, chini ya saa moja unapaka mkono wa pili.

Watu wataleta habari ya kuweka bakuli la mkaa ndani ya droo. Weka, haudhuru, ule maalumu wa kwenye vichujio vya maji unanyonya vizuri kuliko wa kupikia, lakini huo ni wa kumalizia. Ukianza nao utakaa unabadilisha mkaa mpaka uzeeke.

Mama Pacha
Pole sana mwanangu. Mimi sina utaalamu, nataka kusema kitu kimoja tu. Nilipofiwa na mume wangu nilifua kila kitu wiki ya kwanza kwa sababu watu waliniambia nisafishe, na nikaja kujuta. Kabla hujamaliza yote tenga kitu kimoja kidogo, kifunge vizuri mbali na mtoto, usikiguse. Ukija kukitupa utakitupa mwenyewe siku yako.

BintiWaMwisho
Mama Pacha umeniliza ofisini. Asante mama.

BintiWaMwisho
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, naleta mrejesho maana huwa tunaomba ushauri tunapotea.

Mkoba: fundi kabandua bitana, kaniwekea kwenye mfuko wa nailoni akaniambia usiufungue humu ndani 😂 Bitana mpya imeshonwa, nje nimefuta kwa sabuni ya ngozi mara mbili, krimu mara tatu. Nimempa dada yangu anuse bila kumwambia ni nini maana pua yangu imeshazoea siiamini tena, kasema "ngozi". Basi.

Meza: maji ya ndoo ya kwanza yalikuwa kama ya bomba lililokaa bila kufunguliwa mwezi mzima. Juu pamebadilika rangi jamani, nilijua ni mbao nyeusi kumbe ni nyekundu nyekundu, na pale mkono wa mzee ulipokuwa unakaa pana duara limechakaa. Hilo sikulisugua. Droo tatu nimepiga msasa na shelaki, mtoto sasa anaficha vidoli vyake humo na hakohoi.

Kiti ndiyo kimenishinda. Ngozi nimeifuta imetoka safi, ukikaa tu harufu inapumua kutoka ndani.

SindanoNaUzi
Sponji hiyo. Ukikaa unaikamua inatoa pumzi yake. Geuza kiti, kile kitambaa cha chini kimepigiliwa vimisumari, fungua kona moja uangalie. Sponji iliyokula moshi miaka 30 haifuliki, weka mpya, ngozi irudishwe ileile.

BintiWaMwisho
Nimefungua, imemwagika kama mchanga wa njano sakafuni, nimefagia robo saa. Namtafuta fundi.

Fundi Randa swali la mwisho. Droo ya nne, ile ya kisahani cha majivu, sijaigusa. Mama alikuja juzi akaifungua akasimama nayo pale muda, akasema hii msiipake. Sasa ina ufunguo naweza kuifunga, lakini si itanukisha tena zile nyingine?

FundiRanda
Mama akishasema imeisha hiyo. Ipake nje tu, chini na nyuma na ubavuni, ndani acha kama ilivyo. Halafu paka na kuta za meza kule inapoingia. Itavuja kidogo kwa juu lakini haitajaza chumba.

BintiWaMwisho
Mikono miwili?

FundiRanda
Chini mitatu.