Ajanta na Ellora kwa siku mbili: nipange vipi?

Kidatu
Habari wakuu. Nafika Aurangabad (siku hizi Chhatrapati Sambhajinagar) Jumapili usiku, naondoka Jumatano alfajiri. Mpango wangu ni kuona mapango ya kale ya India yaliyochongwa mlimani: Jumatatu Ajanta, Jumanne Ellora. Nipo na mzee wa miaka 70, magoti yanamsumbua. Kuna cha kurekebisha?

Patasi
Geuza ratiba kabla hujalipia gari. Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora hufungwa Jumanne, kwa hiyo ungegonga mwamba mara mbili. Jumatatu nenda Ellora, kilomita 30 hivi. Jumanne Ajanta, kama kilomita 100; ondoka saa moja asubuhi.

Ellora ina mapango 34: 1 hadi 12 ya Wabudha, 13 hadi 29 ya Wahindu, 30 hadi 34 ya Wajaini. Anza na namba 16, Kailasa, hekalu la Wahindu, watu wakiwa bado wachache. Ukweli ni kwamba hilo si pango. Mafundi wa karne ya 8 walichimba mitaro juu ya mlima wa basalti (mwamba wa volkano), wakabakiza pande kubwa katikati, kisha wakashuka nalo kwa nyundo na patasi. Kilele kilichongwa kabla ya sakafu. Sanamu ya tembo ikiachiwa jiwe dogo hapo chini, isingeongezewa jingine, maana kila kitu ni mwamba mmoja.

Kisha namba 10. Tazama juu: mbavu za dari zimeigiza boriti za mbao, ila ni jiwe tupu na hazibebi chochote.

Lipu_Kavu
Naongezea Ajanta. Magari huachwa kilomita 4 kabla, mnahamia basi la pale, nauli yake mbali na tiketi ya kiingilio. Kwa mzee, kazi ipo kwenye ngazi za mwanzo. Pale chini kuna wabeba machela. Mpatane bei kabla hajakaa, na muulize kama ni kwenda tu au na kurudi.

Muda wenu utumieni kwenye 1, 2, 16 na 17, ndiko michoro ilikobaki vizuri. Haikuchorwa kwenye lipu mbichi. Ukuta ulisiribwa udongo uliochanganywa na nyuzi za mimea, ukapakwa chokaa, rangi zikaja baadaye. Ndiyo maana unyevu huibandua, na flashi ni marufuku. Ukiingia, simama dakika tatu macho yazoee giza, ndipo utafute mchoro wa Padmapani, mtakatifu wa Kibudha mwenye ua la yungiyungi, kushoto kwa chumba cha ndani, pango namba 1. Wengi hupita wakidhani ukuta ni mweusi tu.

Namba 26 msiiruke: sanamu ya Buddha aliyelala, mita 7 hivi, ukuta wa kushoto.

Patasi
Nilisahau viatu. Mapango yenye michoro mnavua mlangoni, kwa hiyo mzee asivae vya kamba. Na soksi nene, jiwe la nje mchana linaunguza.