Taa za mbele zimefubaa: tupeane uzoefu, yako uliing'arishaje?

Wa Igoma (mwanzisha mada): Wakuu, juzi natoka Magu saa mbili usiku na gari langu, Toyota Raum, ng'ombe nimemwona nikiwa nimeshamfikia. Balbu nimebadilisha wiki iliyopita! Kumbe shida ni kioo, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nataka nikisafishe mwenyewe nyumbani. Waliowahi kufanya mje.

Wa Nyakato: Dawa ya meno, soksi kuukuu, nusu saa ya jasho. Iling'aa nikapiga picha nikaweka status. Mwezi haujaisha ukungu ukarudi, na status nikaifuta.

Wa Kirumba: Mkuu, hicho si kioo, ni plastiki. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kukinga jua; jua likiila, plastiki inabaki wazi na kuanza kuwa ya njano. Yangu ya kushoto ilikuwa mbaya kuliko ya kulia kwa sababu naegesha upande huo ukitazama jua la mchana.

Nilifanya hivi. Nikaosha kwa sabuni, nikazungushia selotepu ya karatasi ili msasa usiguse rangi ya gari (usiruke hii, bodi ikichubuka utajuta). Nikaanza na msasa wa maji namba 800, kisha 1000, 1500, mwisho 2000, muda wote namwagia maji. Maji yanayochuruzika mwanzoni ni ya njano. Yakigeuka meupe, ujue umefika kwenye plastiki ambayo bado nzima. Hapo taa inakuwa nyeupe pee, mbaya kuliko ulivyoanza. Mama watoto alitoka akasema, "Basi umeshaiua." Usiogope. Ukisugua na polishi ya magari inarudi.

Sasa wengi wanaishia hapo, halafu wanalalamika. Ile ngozi umeimaliza yote na msasa, lazima urudishe nyingine: kilia inayokinga jua, ile wapiga rangi wanayomalizia juu ya rangi. Ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ndiyo inayodumu. Kupuliza nilimwachia fundi rangi, harufu yake si ya kuichezea uani penye watoto. Mwaka wa pili huu, bado safi.

Wa Buswelu: Angalia kwanza ukungu uko wapi. Mimi nilisugua nje hadi vidole vikakunjamana, kumbe ni matone ya ndani. Mpira wa nyuma ya taa ulikuwa umepasuka, nikiosha gari maji yanaingia. Nilikausha, nikaweka mpira mpya, basi.

Wa Pasiansi: Na anayekushauri upake dawa ya mbu ya kujipaka, mkimbie. Yangu iling'aa palepale, ila ilichuruzika kwenye bampa, ikaacha michirizi mpaka leo.

Wa Igoma: Aisee, asanteni. Ukungu wangu ni wa nje, nimehakikisha. Ya kushoto nimefika 2000, maji meupe kabisa. Nimesitisha, wingu limeshafunga upande wa ziwani, na fundi rangi kasema kwenye unyevunyevu hapulizi kitu.