Aliyewahi kupinga kanuni za mazingira mahakamani, tupeane uzoefu

Wakuu, aliyeburuzana na mamlaka ya mazingira kwa sababu ya biashara au kiwanja, aje asimulie. Hata kama ulighairi njiani.

Naanza. Nina karakana ya kupaka rangi magari. Nikabandikiwa amri ya kusitisha kazi, eti maji yenye rangi yanaingia mtaroni. Kwa hasira nikamaliza wiki kadhaa nikitafuta mtu wa kunisaidia chini kwa chini. Chini ya notisi palikuwa na mstari unaotaja siku za kukata rufaa; sikuusoma. Wakili alipouliza tarehe ya notisi nikamtajia, akavua miwani. Tukaomba kuongezewa muda, ombi likatupwa. Kama maji yalikuwa machafu au masafi, hakuna aliyefika huko. (Tuambizane ukweli, yalikuwa machafu.)

Jibu la 1
Pole mkuu. Mimi ni kiwanja. Nina hati halali, miaka ikapita, mpaka wa hifadhi ya mto ukachorwa katikati yake. Nilitaka kanuni nzima ifutwe. Wakili akasema tupinge kipimo tu. Mita zinahesabiwa kutoka wapi, maji ya kiangazi au ya masika? Tukaleta mpimaji wetu, sehemu kubwa ikarudi. Iliyobaki sikulipwa hata senti: nimezuiwa kujenga, sijanyang'anywa ardhi, kwa hiyo fidia hakuna.

Jibu la 2
Hapo kwenye fidia ndipo wengi tunapoanguka. Wanasheria hupenda kutaja kesi ya Lucas ya Marekani. Alinunua viwanja viwili vya ufukweni mwaka 1986 kwa dola 975,000, sheria ya 1988 ikamzuia kujenga. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kanuni ikiua matumizi yote ya kiuchumi ya ardhi, kwa kawaida serikali ilipe. Yote, mkuu. Wewe ukibakiwa na bustani, hoja hiyo inakukimbia.

Jibu la 3
Na mjue muda. Familia ya Sackett, huko Idaho, Marekani, ilipewa amri mwaka 2007 kwa kujaza kifusi kwenye kiwanja kilichoitwa ardhi oevu, na tishio la faini ya zaidi ya dola 40,000 kwa siku. Mpaka 2012 walikuwa wameshinda haki ya kufungua kesi tu! Kesi yenyewe wakashinda 2023.

Jibu la 4
Mimi niko upande wa pili, naishi chini ya mtaro kama huo wa mleta mada. Tuliomba kuunganishwa kwenye kesi ya kiwanda jirani, tukakubaliwa. Mwenye kiwanda hakutarajia kutuona pale.

Mleta mada
Jirani, umenipata. Sasa nimechimba shimo la kutuamisha maji, nasubiri ukaguzi. Swali kwa waliofika mwisho: mlipata zuio la muda mkaendelea na kazi kesi ikisikilizwa, au mlifunga milango?