Kulegea si kuridhia: malalamiko yangu kwa watunzi wa chombezo

Wanajamvi, salaam.

Nimekuwa msomaji wa chombezo, hizi hadithi za mahaba zinazotoka sehemu kwa sehemu, tangu enzi za magazeti ya udaku, wakati ule tuliposubiri wiki nzima ili tusome kipande kimoja kinachokatishwa pale pale utamu unapokolea. Leo nasoma kwenye vikundi vya WhatsApp kama wengi wenu: natumiwa sehemu tatu za mwanzo bure, kisha nalipia kwa simu ili nipate zilizobaki. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanijibu kwamba nimekuja kuwahubiria watu dini. Sina ugomvi na hadithi za mahaba, na zaidi ya mara moja nimewatetea watunzi wake mbele ya watu waliotaka wafungiwe. Nilicho nacho leo ni hasira.

Wiki iliyopita nililipa shilingi 2,000 kwa chombezo lililosifiwa sana kikundini. Mhusika mkuu ni mhasibu, mwanamke wa miaka 26, ambaye bosi wake amegundua upungufu wa fedha kwenye hesabu. Katika sehemu ya 7 bosi anamwita ofisini jioni, wenzake wakiwa wameshaondoka, anafunga mlango na ufunguo anautia mfukoni, kisha anamwambia achague kati yake na polisi. Mwanamke anasema hapana. Anasema tena. Mara ya tatu anasema huku analia. Hapo mtunzi anaandika sentensi ambayo kila msomaji wa chombezo ameshakutana nayo mara nyingi mno: mdomo ulikataa lakini mwili ulikubali, akalegea. Katika sehemu ya 8 anamuota bosi huyo usiku kucha, na sehemu ya 30 ni harusi.

Niliirudia sehemu ile ya 7 nikiwa na kalamu mkononi, nikaviandika vitenzi vyote vinavyomhusu yule mwanamke. Akashikwa, akavutwa, akanyanyuliwa, akalazwa, akavuliwa. Kila tendo ni la bosi, naye ni wa kutendewa tu, na ukiacha zile hapana zake, vitenzi viwili pekee vilivyobaki mikononi mwake ni kulia na kulegea. Sasa tukitazame hicho kitenzi kulegea, maana ndicho kilichobebeshwa mzigo wote wa hadithi. Kamba hulegea, nati hulegea, mgonjwa wa homa hulegea. Hakuna mtu anayekaa akaamua kulegea. Ni jambo linalompata. Kuridhia ni tendo la mtu aliye huru, anayejua kwamba akikataa mlango utafunguliwa na kesho ataamka akiwa na kazi yake. Watunzi wetu wamelichukua neno la kwanza wakaliweka mahali pa la pili, nasi wasomaji tumezoea kiasi kwamba hatushtuki tena.

Hata hiyo hoja ya mwili kukubali haina mashiko. Kata ndimu mbele ya mtu uone kama mate hayatamjaa mdomoni, hata kama haitaki ndimu yako. Mwili huitikia mguso bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na wapo watu waliotendewa ukatili wa kweli wakaishi miaka mingi na aibu kwa sababu tu mwili wao uliitikia, wakadhani labda walitaka. Wapo pia wanaoganda kwa hofu, wakashindwa kupiga kelele wala kuinua mkono. Mtu kama huyo akiifungua simu yake akakuta chombezo linaloiita hali ile mapenzi, anaambiwa nini kuhusu yaliyompata?

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa kuwa najua nitajibiwa kwamba sitaki mwanamume wa kwenye hadithi awe na nguvu. Silalamikii hadithi za mmoja kutawala na mwenzake kutawaliwa. Wapo watu wazima wanaolipenda jambo hilo kwa dhati, wake kwa waume, na si lazima mtawala awe mwanamume. Lakini wanaolifanya kwa uaminifu huanza kwa mazungumzo: hukubaliana mapema nini kinaruhusiwa na nini ni mwiko, huchagua neno moja ambalo likitamkwa kila kitu husimama papo hapo, na baadaye hukaa pamoja wakaulizana hali. Anayejisalimisha ndiye anayeshika breki. Amempa mwenzake mamlaka kwa muda, na anaweza kuyachukua tena dakika yoyote. Ukiiondoa breki hiyo, kilichobaki ni mtu mwenye nguvu kumwonea asiye nazo, na hapo hata utamu wa hadithi unakufa, kwa sababu kujisalimisha kunanogeshwa na hiari ya anayejisalimisha.

Kisha wapo wanaosema kwamba hayo ya kuulizana ni ya Wazungu, na kwamba mwanamke wa kwetu hufundishwa kutii. Anayesema hivyo hakumsikiliza kungwi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo, yaani kungwi, wa mabinti wengi huko Pwani, na miongoni mwa aliyowafundisha ni lugha ya shanga: mwanamke akiweka shanga nyekundu mahali pa kuonekana chumbani, mume anaelewa kwamba leo yumo katika siku zake na hasogelewi, na akiweka nyeupe, anaelewa kwamba mlango u wazi. Hakuna aliyehitaji kupandisha sauti. Mwanamume aliyeziona shanga nyekundu akajifanya hajaziona alihesabiwa kuwa hakufundwa, na habari zake zilifika kwa wazee. Sisemi kila kitu katika mafunzo ya unyago kilimpa mwanamke haki yake, maana yapo pia ya kumtaka avumilie yasiyovumilika. Ila kukataa kulikuwa na alama yake, na alama ilisomwa. Katika chombezo la sehemu 30 sikuiona hata hiyo.

Nilipoyaandika haya kikundini, kwa lugha ya staha kabisa, admini alinijibu, "Dada, hii ni hadithi tu, usituletee uanaharakati," na baada ya dakika chache akaniondoa. Fedha yangu ikaenda hivyo. Lakini kabla sijaondolewa niliiona komenti ya kijana mmoja, iliyopokewa kwa vidole gumba vingi: wakikataa ujue wamekubali. Kauli hiyo si ya hadithi tu. Mwaka 2006, Bunge la Kenya likijadili muswada wa Sheria ya Makosa ya Kingono, mbunge mmoja alisimama akadai kwamba wanawake wa Kiafrika husema hapana wanapomaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Sheria ilipita mwaka huo huo, na kifungu chake cha 42 kinasema mtu ameridhia iwapo amekubali kwa kuchagua mwenyewe, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua.

Kwetu Tanzania, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliporekebisha Kanuni ya Adhabu, ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au kwa vitisho si ridhaa, na mwanamke halazimiki kuonyesha majeraha ili aaminiwe kwamba hakuridhia. Adhabu haipungui miaka 30. Yule bosi mwenye ufunguo mfukoni, aliyemtishia mtu polisi, kwa mizani hiyo ni mshitakiwa, na mtunzi amemvisha suti ya bwana harusi.

Siiombi serikali ifungie chombo chochote, na sitaki mtunzi yeyote akamatwe. Mhalifu ana nafasi yake katika hadithi, ilimradi hadithi ijue kwamba ni mhalifu na isimfanye yule aliyeonewa kuwa zawadi yake.

Mtunzi, najua unapita humu jamvini, kwa hiyo nakuuliza wewe moja kwa moja. Nioneshe, katika sehemu zako zote 30, mstari mmoja ambapo yule mhasibu anaulizwa anataka nini, mlango ukiwa wazi, naye akajibu kwa kinywa chake. Nimezisoma zote mara mbili na sijauona. Nitajie namba ya sehemu.