Pointi 4 katika mechi 6: kocha aende, tusajili, ama tutulie?

Mutoto wa Katuba

Bandugu, poleni na Jumapili. Jina la timu silitaji, humu wote tunavaa jezi moja. Mechi 6, pointi 4: ushindi mmoja, sare moja, vipigo vinne. Kundi lina timu 10, nne za juu zinaingia mchujo, na ya nne kwa sasa ina pointi 10. Kamati inakutana Alhamisi, na nasikia njia zinazozungumzwa ni tatu.

Ya kwanza, kocha aende. Wanaoitaka wanaitaja Kodivaa: Januari 2024 walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao, wakamwondoa Jean-Louis Gasset, msaidizi wake Emerse Faé akashika timu, na tarehe 11 Februari wakabeba Kombe la Afrika kwa kuifunga Nigeria 2-1.

Ya pili, tutulie, kama PSG ya Paris walivyotulia na kocha Luis Enrique msimu wa 2024-25. Mechi 5 za Ligi ya Mabingwa, pointi 4, nafasi ya 25, na mlango wa mchujo unafungwa nafasi ya 24! Miezi sita baadaye wakaipiga Inter 5-0 kwenye fainali.

Ya tatu, kamati ifungue mfuko, tulete washambuliaji wawili. Manchester City walifungua mfuko Januari 2025.

Mimi naegemea ya pili, ila usiku nikilala naifikiria ya kwanza. Ninyi je?

Kunguru wa Kamalondo

Kocha aende tu, njo ile. Timu haikimbii.

Mzee wa Reli

Kijana, huo mfano wa Kodivaa watu wanausimulia nusu. Baada ya zile 4 walikaa kwenye televisheni wakiomba Morocco iifunge Zambia. Morocco ikashinda 1-0, wakapita kwa tundu la sindano. Na Faé hakuwa chaguo lao la kwanza: shirikisho lao lilikwenda kumwomba kocha Hervé Renard kwa Wafaransa, likanyimwa. Halafu nusu fainali wakatutoa sisi Wakongo, 1-0, goli la Haller ambalo mpaka leo sitaki kulitazama.

Sasa mimi nauliza swali dogo: Faé wetu ni nani? Msaidizi tuliye naye ndiye huyo huyo anayepaka chokaa uwanjani na kufunga nyavu. Ni mtu mwema sana. Lakini kocha?

Kunguru wa Kamalondo

Muzee, tuache Kodivaa basi, tuje nyumbani. Kufuzu Kombe la Afrika la 2023, Leopards, timu yetu ya taifa, walianza na kocha Héctor Cúper: Gabon ikatufunga Kinshasa, Sudan nayo ikatufunga. Mechi mbili, pointi sifuri. Agosti 2022 akaja Desabre, na tukamaliza wa kwanza kwenye kundi. Wangemwacha Cúper tungekuwa tunaangalia wenzetu kwenye televisheni.

Mama wa Majezi

Kunguru, hapo umesema kweli, ila soma na tarehe. Vile vipigo viwili ni vya Juni 2022. Mechi ya tatu ilichezwa Machi 2023. Katikati pale Desabre alipata muda wa kuwajua watu wake. Kocha wetu mpya atapata nini? Jumamosi hii tunacheza, na Jumatano nyingine tena. Atajifunza majina kwenye basi?

Na mkumbuke, huyo huyo Desabre alipofika kule kwenye Kombe alitoa sare tatu kwenye kundi: Zambia, Morocco, Tanzania. Hapa mjini watu walimtukana kweli. Hakuna aliyemfukuza, na tukaitoa Misri kwa penalti.

Mimi ndiye ninayefua hizo jezi, kwa hiyo vijana wananiambia mambo. Sitasema yote. Nitasema hili tu: posho ya ule ushindi mmoja bado hawajaiona. Kabla ya kuuliza kwa nini hawakimbii, muulizeni mtunza fedha.

Fundi Hesabu

Naleta karatasi. Kila timu inacheza 18, sisi tumebakiza 12. Timu ya nne ina pointi 10 kwa mechi 6, ikiendelea na mwendo huo itafika 30. Kwa hiyo tunatafuta pointi 26 katika 36. Hilo peke yake linatisha.

Lakini angalieni ratiba. Katika mechi zetu 6, nne tulicheza ugenini. Likasi, Kipushi, Kasumbalesa ambako basi lilisimama nyuma ya malori ya shaba mpaka wachezaji wakavalia jezi njiani, na ile nyingine. Tumebakiza 7 nyumbani na 5 ugenini. Tukishinda zote za nyumbani ni 21. Tukitoa sare zote za ugenini ni 5. Jumla 26.

Inawezekana kwa karatasi. Kwa miguu, ni vigumu. Ila timu ya nne nayo haijaenda popote, mechi zake nyingi imecheza kwake. Ikishuka kidogo, 27 kwa jumla zitatosha. Kwa hesabu hii mimi sioni kocha kama tatizo la kwanza.

Mutoto wa Katuba

Fundi, asante. Kwa hiyo ukipoteza moja nyumbani unalipa kwa kushinda mbili ugenini, maana zile zote ulishaziweka sare na ushindi mmoja unaongeza pointi mbili tu. Mungu wangu.

Kipa Mustaafu

Hakuna aliyegusa usajili, nigusie mimi.

Mfano wa City na PSG haufai kabisa. Walionunuliwa Januari 2025, Marmoush wa City na Kvaratskhelia wa PSG, hawakuruhusiwa kucheza Ligi ya Mabingwa mpaka hatua ya mchujo. Waliozifikisha timu hizo kwenye mchujo ni wale wale waliokuwa wanazomewa. City waliifunga Brugge 3-1 siku ya mwisho, wakaingia nafasi ya 22, kisha Real Madrid akawatoa: 3-2, 3-1. PSG walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya City hao hao, wakashinda 4-2, wakaenda kumaliza Stuttgart 4-1. Nafasi ya 15.

Kilichobadilika PSG kilianza mapema zaidi. Oktoba Luis Enrique alimwacha Dembélé nyumbani, mechi ya Arsenal, kwa nidhamu. Walipigwa 2-0 na magazeti yakamla kocha. Baadaye Dembélé huyo akahamishwa katikati ya safu ya mbele, akaanza kuwakimbiza mabeki, na 2025 akachukua tuzo ya Ballon d'Or. Sisi namba 10 wetu anakuja mazoezini siku anayotaka na Jumapili anaanza. Kocha akimweka benchi, kamati inampigia simu. Hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye soko.

Tena mchezaji wa haraka haraka huja na karatasi za haraka haraka. Mji huu wa Lubumbashi unakumbuka 2011, Ligi ya Mabingwa ya Afrika, faili ya mchezaji Bokungu wa Mazembe: Simba wakalalamika, Mazembe bingwa mtetezi akatolewa mezani.

Kunguru wa Kamalondo

Ilikuwa lazima umtaje Bokungu?

Kipa Mustaafu

Ilikuwa lazima.

Mzee wa Reli

Mimi wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe, nimecheka peke yangu hapa.

Kunguru wa Kamalondo

Sawa. Nasogea kidogo, sijahama. Kocha apewe mechi tatu, mbili ni za nyumbani. Namba 10 akae benchi Jumamosi na simu za kamati zizimwe. Zikipatikana pointi chini ya 6, nitarudi hapa na maneno yangu ya kwanza.

Mama wa Majezi

Na posho?

Mutoto wa Katuba

Posho ndiyo nitaanza nayo Alhamisi, mama. Fundi, ile karatasi yako nitumie kabla ya saa kumi, nataka kuichapa nakala za wanakamati wote. Kuna mwenye wino mweusi? Wangu umeisha.