Naomba ushauri: mbegu za vitunguu zilizokaa kwenye joto

Habari zenu wakulima wenzangu. Hapa Ruaha Mbuyuni nina mbegu za vitunguu vyekundu alizoacha marehemu baba mkubwa, ambazo zilikaa misimu miwili ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye stoo ya bati. Najua mbegu za kitunguu huzeeka upesi kuliko za nyanya, hasa penye joto na unyevu. Nilizijaribu kwenye kitambaa kibichi, zikaota chini ya robo, tena kwa kuchelewa, nyingine zikiwa na ncha ya mzizi iliyogeuka kahawia. Je, kuziloweka saa 12 kabla ya kusia kutasaidia, au kutaziozesha? Sitaki kununua nyingine, kwa kuwa ninachotaka kuokoa ni aina hii yenyewe, hata ikibaki miche michache ya kuzalishia mbegu mpya.