Bango la duka, Barabara ya 12

Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA, NGAMIANI
Alhamisi

13:12 Da Mwanahawa: Assalam aleikum. Fundi wa bango kanitumia picha hii. Rangi ya mwisho anapaka saa 10. Nataka majibu kabla ya hapo, si kesho.
[Picha]

13:13 Da Mwanahawa: Juu kaandika STATIONARY. Roho yangu inakataa.

13:31 Da Mwanahawa: Jamani, mmesoma watu 23.

13:40 Hamisi: Bango limetulia. Pembeni wekeni nembo ya timu yetu ya Coastal, Wagosi wa Kaya wote watanunua kwetu 😂

13:42 Da Mwanahawa: Hamisi, nauliza herufi.

13:58 Rehema: Umeona sawa Da Mwana. Yenye a ni kitu kilichosimama pale pale, kama gari lisilotembea. Karatasi, bahasha na kalamu ni STATIONERY, yenye e. Wanafunzi wangu nawaambia: e ya penseli, a ya kukaa.

14:01 Hamisi: Kwani duka letu linatembea? Limekaa pale Barabara ya 12. A iko sawa!

14:09 Rehema: Kaka, hapo umegusa asili yake. Zamani kule Uingereza wachuuzi wengi walikuwa wa kuzunguka. Mwenye kituo chake cha kudumu, hasa wa vitabu na karatasi, akaitwa stationer, kutoka neno la Kilatini stationarius. Ndiyo maana haya mawili yanafanana hivi, mzizi ni mmoja. Lakini siku hizi kila moja lina kazi yake, na mtoto atakayesoma bango letu kila asubuhi akienda shule atalibeba hilo kosa mpaka kwenye mtihani. Mimi hilo linaniuma.

14:11 Da Mwanahawa: Ahsante mwanangu. Na mstari wa chini? WE ADVICE ON TIN AND BUSINESS LICENSE.

14:15 Rehema: Ushauri ni advice, kushauri ni advise. Kwa hiyo WE ADVISE. Leseni nayo, kwa Kiingereza cha Uingereza tunachofundisha, ni licence. Ukiweka s ni kitendo cha kutoa leseni. Marekani wanaandika s kote kote, hilo moja si la kugombana na fundi. Advice lazima libadilike.

14:33 Shangazi Zainabu: Leo mnajua sana. Kadi za harusi ya Mwanaidi hamkujua?

14:34 Hamisi: Ile ya DESERT baada ya pilau 😂😂 Watu wamekaa wanasubiri waletewe jangwa!

14:37 Shangazi Zainabu: Cheka. S moja tu ilipungua, mie nikasemwa ukumbi mzima, na aliyeandika yumo humu kanyamaza. Elfu arobaini yangu ya kuchapa upya sijaiona mpaka leo.

14:39 Mjomba Salimu: Ujumbe huu umefutwa

14:41 Da Mwanahawa: Shikamoo Shangazi. Hilo tutalizungumza. Saa 9 inakaribia, fundi niandike nini?

15:20 Da Mwanahawa: ???

15:26 Bibi: [Ujumbe wa sauti, 0:48]

15:31 Tatu: Bibi kasema niwaandikie wasioweza kusikiliza. "Wateja wetu ni watoto wa Ngamiani na mama zao. Babu yenu aliandika MADAFTARI NA KALAMU kwa mkono wake, na duka lile ndilo lililowasomesha nyote. Fundi asiguse rangi mpaka nifike mwenyewe kesho baada ya swala ya Ijumaa. Na Zainabu alipwe."

15:33 Hamisi: Shikamoo Bibi.

15:33 Rehema: Shikamoo Bibi. Na Kiswahili chake kipo kimoja kizuri, shajala.

15:35 Hamisi: Si shajara?

15:36 Rehema: Shajara ni daftari la kuandika mambo yako ya kila siku. Shajala, yenye l, ndiyo karatasi na kalamu.

15:37 Hamisi: Loo, kumbe na kwetu yamo!

15:52 Da Mwanahawa: Bibi nimesikia. Ila fundi ana advansi yangu elfu sitini na kesho alfajiri anakwenda Muheza, ana kazi nyingine. Nimemwambia apake FOTOKOPI na PICHA ZA PASPOTI tu, juu paachwe wazi. Mjomba Salimu, ile iliyobaki?

19:47 Mjomba Salimu: Niko Segera, mtandao unakatika.

19:48 Shangazi Zainabu: Na yangu?